Somo la Hesabu na Jiografia: Katanga kwa Vipande 12



Chukueni katoni ya zamani, rula, makasi na kalamu. Mbele ya kukata, tuhesabu.

Kila kipande kiwe na kare 5 zenye kushikana upande kwa upande. Kugusana pembe tu haitoshi. Kipande kikigeuzwa ao kupinduliwa ni kile kile. Jaribu namna zote: utapata maumbo 12, hakuna la 13. 12 mara 5 ni kare 60. Michezo ya namna hii ilipewa jina poliomino na Solomon Golomb wa Marekani mwaka 1953.

Sasa ramani. Mwaka 2015 jimbo la Katanga liligawanywa kuwa majimbo 4. Tugawanye kare 60 kwa kufuata ukubwa wao:

Tanganyika: km² 134 940, kare 16
Haut-Katanga: km² 132 425, kare 16
Lualaba: km² 121 308, kare 15
Haut-Lomami: km² 108 204, kare 13

Kare moja basi ni karibu km² 8 280.

Hapa wengi wanaanguka. Wanasema: 60 gawa kwa 4 ni 15, kila jimbo lipate vipande 3, kazi imekwisha. Inapendeza macho, lakini Haut-Lomami imepata kare 2 zisizo zake, na Tanganyika na Haut-Katanga zimepoteza moja moja. Nani ameiba? Makasi! Mchezo ufuate inchi, si inchi kufuata mchezo. Vilevile mkia wa Sakania, ule unaoingia ndani ya Zambia, usikatwe juu ya kurahisisha kazi.

Basi acheni vipande vivuke mipaka, kisha choreni mipaka juu yake kwa wino. Lualaba yetu tu inaweza kujazwa peke yake, kwa vipande 3, sababu 15 inagawanyika kwa 5.

Lakini si kila umbo la kare 15 linakubali. Tia kare rangi nyeusi na nyeupe kama ubao wa dama. Kila kipande kinafunika kare 3 za rangi moja na 2 za ingine. Msalaba peke yake unafunika 4 na 1. Hesabu nyeusi, hesabu nyeupe, toa. Ikibaki 1 ao 3, jaribu, ijapokuwa si ahadi. Ikibaki 5, msalaba lazima uwe ndani. Ikibaki 7 ao zaidi, hapana kupoteza saa: haiwezekani, rekebisha umbo.

Na kila mara shimo likifungwa katikati ya vipande, hesabu kare zake. Kama hazigawanyike kwa 5, ondoa kipande cha mwisho.

Zoezi: Chora Lualaba kwa kare 15, tia alama ya Kolwezi upande wa kusini-mashariki, fanya hesabu ya rangi. Makasi ije nyuma.