Togwa ya Sikukuu: Chungu Kimoja, Njia Mbili

Barabara itokayo Mzumbe kuelekea Mgeta hupita Mlali kabla ya kuanza kuikwea milima ya Uluguru. Siku za Krismasi, Mwaka Mpya na Idi, nyumba nyingi za upande huu hupokea wageni wa kila namna: wazee, wanafunzi waliorudi likizo, mama wanaonyonyesha na watoto wadogo, Wakristo na Waislamu wa ukoo mmoja. Mwenye nyumba huhitaji kinywaji kitakachowafaa wote, na kwa vizazi vingi togwa imekidhi haja hiyo.

Hata hivyo, mgeni mwangalifu huuliza kabla ya kupokea kikombe: "Togwa hii ni ya lini?" Swali hilo fupi ni la kisayansi. Togwa ya jana hufaa kwa mtoto. Ile iliyosahauliwa chunguni siku kadhaa penye joto yaweza kuwa imekwisha kuanza kugeuka pombe. Makala haya yanaeleza mabadiliko hayo na namna ya kuyatawala.

Kazi ya kimea

Togwa hutokana na uji wa mahindi, mtama au ulezi uliotiwa kimea. Kimea ni nafaka iliyoloweshwa, ikaachwa penye unyevu kwa siku 2 au 3 mpaka ikachipua, kisha ikaanikwa na kusagwa. Mbegu inapochipua hutengeneza vimeng'enya, hasa amilesi, ili kuuvunja wanga uliohifadhiwa ndani yake uwe chakula cha mche mchanga. Vimeng'enya hivyo vikitiwa katika uji huendelea na kazi ile ile. Minyororo mirefu ya wanga hukatwakatwa kuwa sukari fupi, nao uji mzito hulainika na kuwa mtamu pasipo kuongezwa sukari.

Vimeng'enya huharibiwa na joto kali. Ndiyo sababu kimea hakitiwi katika uji unaochemka, bali husubiriwa upoe hadi kiasi cha nyuzi 40 au 50 za Sentigredi.

Asidi na kileo

Baada ya uji kulainika, viumbe vidogo vilivyoingia pamoja na kimea huanza kuila sukari. Wa kwanza kushamiri ni bakteria wa asidi laktiki. Kazi yao yaweza kuandikwa kwa ufupi hivi:

C₆H₁₂O₆ → 2C₃H₆O₃ (asidi laktiki)

Asidi hiyo ndiyo iletayo ladha ya uchachu. Penye joto la kawaida la Mlali, kipimo cha pH huweza kushuka chini ya 4 katika muda wa saa 24 hivi, na bakteria wengi waletao kuhara hawastawi katika hali hiyo. Utafiti wa R. Kingamkono na wenzake, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba watoto wa Tanzania waliokunywa togwa mara kwa mara walikuwa na vimelea vichache zaidi vya magonjwa ya tumbo katika choo chao.

Lakini bakteria hawa hawakai peke yao. J. K. Mugula wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, akishirikiana na wenzake, alichapisha mwaka 2003 uchunguzi uliobainisha kwamba ndani ya togwa zimo pia hamira za asili. Hizi hufuata njia ya pili:

C₆H₁₂O₆ → 2C₂H₅OH (kileo) + 2CO₂

Kwa hiyo hata togwa changa yaweza kuwa na chembe ya kileo, ingawa ni kidogo mno. Kadiri muda unavyopita, ndivyo hamira zinavyopata nafasi ya kuongeza kileo hicho. Mapovu mengi na harufu ya pombe ni dalili kwamba kinywaji kimekwisha kuvuka mpaka. Joto huiharakisha safari hiyo. Togwa itengenezwayo katika vijiji vya juu vya Mgeta, penye baridi, huchacha polepole kuliko ile ya Mlali; saa zinazofaa kule huenda zikawa nyingi mno huku bondeni.

Hatari zisizoonekana

Uchachu haupasi kuwa kisingizio cha uchafu. Kwa kuwa kimea hutiwa katika uji uliokwisha kupoa, uchafu wowote ulio ndani yake huingia chunguni bila kupikwa. Aidha, asidi haiui kila kijidudu, nayo huchukua saa nyingi kujengeka. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza mwaka 2015 ulifika pia katika Mkoa wa Morogoro. Karamu yenye watu wengi na maji yasiyochemshwa ni njia rahisi ya kueneza ugonjwa huo.

Hatari ya pili ni ukungu. Nafaka iliyoota ukungu yaweza kuwa na sumukuvu, ambayo haiondolewi kwa kuchemsha wala kwa kuchachusha. Mwaka 2016 sumu hiyo katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kimea chenye ukungu hapana budi kitupwe.

Hatari ya tatu huhusu mtama. Machipukizi na vijimizizi vyake vina dhurini, kiini kiwezacho kutoa sianidi. Kimea cha mtama kikishakauka, yapasa kifikichwe na kupepetwa ili machipukizi na vijimizizi viondoke. Ulezi hauna shida hiyo kwa kiwango cha kutisha.

Namna iliyo salama

Unga kilo 1 hupikwa kwa maji kiasi cha lita 9 mpaka uive barabara. Uji ukishapoa kama ilivyoelezwa, hutiwa kimea kisafi, vijiko 4 hivi vya mezani, ukakorogwa mpaka ulainike. Hapo huchemshwa tena ili kuua vijidudu vilivyoletwa na kimea, kisha huachwa upoe hadi uvuguvugu. Kwa kuwa bakteria wa asidi nao wamekufa, huongezwa kikombe kimoja cha togwa nzuri ya jana, iliyotengenezwa kwa usafi, iwe kianzio. Chombo kilichosuuzwa kwa maji ya moto hufunikwa, na togwa hunywewa baada ya saa 12 hadi 24. Ipasayo kunywewa adhuhuri ya sikukuu yafaa ianzishwe jioni ya mkesha. Kinachobaki kisipewe watoto keshoye.

Asiyekuwa na kimea aweza kuandaa maji ya ukwaju, ubuyu au ndimu na tangawizi. Kanuni ni moja: maji yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo ubuyu au ndimu vitiwe, kwani vitamini C huharibiwa na moto. Sukari itiwe kwa kiasi. Chupa moja ya soda ya mililita 350 aghalabu huwa na sukari ya gramu 35 au zaidi, na si vema mwenyeji ashindane nayo kwa utamu.

Jaribio la darasani

Uji mzito ugawanywe katika vikombe vitatu. Cha kwanza kitiwe kimea. Cha pili kimea kilichokwisha kuchemshwa katika maji. Cha tatu kisitiwe kitu. Baada ya dakika 30, wanafunzi walinganishe uzito wa uji, kisha watie tone la iodini katika sampuli ndogo ya kila kikombe. Kesho yake wapime pH kwa karatasi maalumu. Sampuli za maabara zisinywewe.

Maswali

1. Kwa nini uji wa kikombe cha pili haukulainika?
2. Eleza kwa nini togwa ya Mlali na ya Mgeta haziwi tayari kwa wakati mmoja.
3. Mwenyeji aliyesahau kuuliza umri wa togwa aweza kumdhuru nani miongoni mwa wageni wake, na kwa njia gani?