NYAMA YA NGURUWE KWA SODA: TAMU, LAINI, NA SALAMA?



Sikukuu zinapokaribia, iwe Noeli, Pasaka, Komunyo ya Kwanza au Kipaimara, familia nyingi za nyanda zetu za juu huchinja nguruwe. Siku hizi umeenea mtindo wa kuipika nyama hiyo kwa soda nyeusi mpaka inang'aa kama imepakwa asali. Akina mama wametuuliza mara kadhaa: je, mtindo huu ni mzuri kwa afya? Wengine wameongeza: tumesikia kwamba soda huua minyoo iliyomo katika nyama, ni kweli?

Swali la pili ndilo lililotufanya tuandike somo hili. Jibu lake ni fupi: si kweli. Na mtu anayeliamini jambo hilo anaweza kuiletea nyumba yake ugonjwa mzito. Basi tujifunze pamoja, kwanza upishi wenyewe, kisha hatari, na mwisho wajibu wetu.

1. Soda hufanya nini katika nyama?

Mtindo huu si wa kwetu kwa asili. Huko Marekani, hasa katika majimbo ya kusini, watu wamepika paja la nguruwe kwa soda ya kola kwa muda mrefu. Soda ya Coca-Cola yenyewe ilianza kuuzwa mjini Atlanta mwaka 1886.

Soda nyeusi ina vitu viwili vinavyomsaidia mpishi. Cha kwanza ni sukari. Maji yakikauka, sukari hubaki, huwa nzito, hushika nyama na kuipa rangi ya kahawia yenye kung'aa. Cha pili ni uchachu, unaofanana na ule wa limau, ambao hupunguza ukali wa mafuta mdomoni.

Lakini kinacholainisha nyama hasa si soda. Ni moto mdogo na muda mrefu. Paja na bega la nguruwe vina utando na nyuzi nyeupe ngumu. Zikichemka taratibu kwa saa mbili au zaidi, nyuzi hizo huyeyuka na kuwa kama ute, na nyama huachana yenyewe. Ukipika haraka kwa moto mkali, nyama itakuwa ngumu hata ukimimina kreti nzima ya soda.

2. Namna ya kupika

Vitu vinavyohitajika kwa watu 10:
- Nyama ya paja au bega, kilo 2, ikatwe mapande mawili au matatu
- Soda nyeusi, chupa 2 za mililita 350
- Vitunguu maji 2, vitunguu saumu punje 6, tangawizi kipande cha kidole gumba
- Karafuu 6 na pilipili manga kijiko 1 cha chai
- Nyanya 3 zilizopondwa na limau 1
- Chumvi kijiko 1 cha chai, isizidi

Hatua ya kwanza. Weka nyama katika sufuria pamoja na vitunguu, tangawizi, karafuu, pilipili manga na chumvi. Mimina chupa moja ya soda, kisha ongeza maji mpaka nyama ifunikwe. Ikichemka, engua povu, punguza moto, funika, na uache itokote polepole kwa saa 2 na nusu. Maji yakipungua, ongeza mengine ya moto.

Hatua ya pili. Pima kama imeiva. Toa pande nene kuliko yote, ulikate katikati, karibu na mfupa. Ndani pasiwe na rangi ya waridi wala damu, na maji yanayotoka yawe meupe. Uma uingie bila kusukumwa. Mwenye kipimajoto cha jikoni akichome katikati ya pande: kikisoma nyuzi 75 za Sentigredi au zaidi, nyama imeiva. Kama bado, irudishe motoni. Usiendelee na hatua ya tatu kabla ya kuridhika na hii.

Hatua ya tatu. Engua mafuta yaliyoelea juu. Chota vikombe viwili vya mchuzi, weka katika sufuria nyingine pamoja na chupa ya pili ya soda, nyanya na maji ya limau. Chemsha bila kufunika, huku ukikoroga, mpaka upate rojo linaloshika mwiko. Kuwa mwangalifu mwishoni, kwa maana sukari huungua upesi na kuwa chungu.

Hatua ya nne. Paka nyama rojo hilo pande zote. Ioke katika tanuri kwa dakika 20 hadi 30, ukirudia kupaka mara mbili au tatu. Asiye na tanuri aiweke katika sufuria nzito, abakize makaa machache chini na kupalia mengine juu ya mfuniko, kama tunavyofanya kwa wali. Iache ipoe kwa dakika 10 kabla ya kukata.

Angalizo: soda isiyo na sukari haifai kwa upishi huu. Haitoi rojo, na ladha yake hubadilika ikichemshwa.

3. Rangi ya soda si alama ya kuiva

Hapa ndipo penye hatari. Kwa kawaida mpishi huitazama nyama na kusema: imekuwa kahawia, basi imeiva. Lakini nyama iliyolowekwa au kupakwa soda hupata rangi ya kahawia mapema sana, na ndani ingali mbichi. Mlaji naye huona inang'aa na kunukia, asiulize zaidi. Hivyo soda yaweza kumdanganya hata mpishi mzoefu.

Ndiyo maana tumesema ichemshwe kwanza hadi iive kabisa, halafu ndipo ipakwe rojo. Anayekata nyama mbichi, kuichovya katika soda na kuibandika juu ya makaa kwa dakika 15 amefanya jambo jingine kabisa. Vilevile, soda iliyolowekewa nyama mbichi isitumiwe kama rojo bila kuchemshwa sawasawa.

4. Tegu wa nguruwe

Nyama ya nguruwe inaweza kubeba watoto wa tegu. Hukaa ndani ya vifuko vidogo vyeupe vyenye maji, vyenye ukubwa kati ya punje ya mchele na punje ya hindi. Uchachu wa soda, limau au siki hauwaui. Pilipili na pombe haziwaui pia. Moto ulioingia hadi katikati ya nyama ndio unaowaua.

Mtu akila nyama isiyoiva yenye vifuko hivyo, mtoto wa tegu hujishika katika utumbo na kukua kuwa mnyoo bapa wenye urefu wa mita kadhaa. Mara nyingi mwenye tegu hajisikii mgonjwa. Huenda aone tu vipande vyeupe bapa katika choo chake. Lakini kila kipande kina maelfu ya mayai.

Mayai hayo yana njia mbili. Njia ya kwanza: nguruwe anayezurura hula kinyesi cha mtu mwenye tegu, mayai huanguliwa ndani yake, na vifuko hutokea katika nyama yake. Hivyo si nguruwe aliyeanza kutuambukiza sisi. Sisi ndio tuliomwambukiza yeye.

Njia ya pili ni mbaya zaidi. Mayai humezwa na mtu mwingine kwa mikono michafu, mboga mbichi au maji. Watoto wa tegu husafiri kwa damu na kutulia katika misuli, macho, na hata ubongo. Wakikaa katika ubongo, mtu huweza kupata kifafa, maumivu makali ya kichwa, au hata kufa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika sehemu nyingi ambako watu huishi pamoja na nguruwe wanaozurura, kiasi cha asilimia 30 ya kifafa husababishwa na tegu huyu.

Tulitafakari neno hili vizuri: kifafa hiki hakiletwi na kula nyama moja kwa moja, bali na kumeza mayai yanayotoka katika kinyesi cha mtu. Kwa hiyo hata asiyekula nguruwe kabisa, hata mtoto mdogo, anaweza kuugua kwa sababu ya jirani asiyenawa mikono. Nyama inaweza kuiva vizuri sana, lakini kachumbari iliyo pembeni yake, iliyokatwa na mikono yenye mayai ya tegu, ikawadhuru walaji wote mezani.

5. Yatupasa kufanya nini?

Jikoni: Tunawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kupika, kabla ya kula, na kila tutokapo chooni. Nyanya, vitunguu na kabichi za kachumbari zioshwe kwa maji safi mengi. Kisu na ubao wa nyama mbichi visitumike kwa kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni.

Sokoni: Tununue nyama iliyokaguliwa na kupigwa mhuri. Tukiona vifuko vyeupe, tusinunue, na tumwarifu mtaalamu wa mifugo. Hata hivyo, vifuko vichache huweza kumpita mkaguzi. Kwa hiyo mhuri hauondoi wajibu wa kupika sawasawa. Na tukila kitimoto mahali pa kuuzia, tusione haya kusema, "Ndugu, hii bado, naomba uirudishe motoni."

Nyumbani: Kila kaya iwe na choo, na kila mtu akitumie, hata watoto. Nguruwe wafungwe bandani, wasizurure. Nguruwe aliyefungwa mbali na kinyesi cha watu hapati tegu.

Hospitalini: Anayeona vipande vyeupe katika choo chake aende kituo cha afya. Dawa za kumtoa tegu zipo. Asijinunulie tu dukani, kwa sababu dawa nyingine, kwa mtu mwenye vifuko katika ubongo, huweza kuamsha degedege. Mwenye historia ya kuanguka au ya maumivu makali ya kichwa lazima amweleze mganga kabla ya kumeza dawa yoyote ya tegu.

6. Tusimtenge mwenye kifafa

Katika vigango vyetu wapo watoto walioachishwa shule, na akina mama waliorudishwa kwao, kwa sababu ya kuanguka. Wengine wamesemwa kuwa wamerogwa au wana pepo. Wengine wameachwa waungue motoni kwa sababu watu waliogopa kuwagusa, wakidhani povu la mdomoni huambukiza. Ndugu wapendwa, kifafa hakiambukizwi kwa povu, kwa kugusana, wala kwa kula sahani moja.

Mtu akianguka, mwondoe karibu na moto au maji. Mweke kitu laini chini ya kichwa, legeza nguo za shingoni, na degedege likitulia mlaze ubavu. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Degedege likizidi dakika 5, mpelekeni hospitali mara moja. Anayetumia vidonge vya kifafa asiviache ghafla, hata akijiona amepona. Kumwombea ni vema. Kumwombea na kumpeleka hospitali ni vema zaidi.

7. Na sukari je?

Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, yaani kama vijiko 9 vya chai. Chupa mbili tulizopikia zina vijiko 18, lakini zikigawanywa kwa watu 10, kila mmoja hapati hata vijiko 2. Si nyingi kwa siku ya sikukuu. Tatizo ni pale tunapokula nyama ya soda, kisha tukaiteremsha kwa chupa nyingine ya soda. Hapo mtu ameongeza vijiko 9 kwa mkupuo mmoja. Ushauri wetu: siku ya upishi huu, soda iishie sufuriani, na mezani tuweke maji safi.

Mwenye kisukari ale pande lililochemshwa, lisilopakwa rojo. Mwenye shinikizo la damu apunguziwe chumvi na mafuta. Wote tule pamoja na mboga za majani na matunda.

Tumalizie kwa kukumbushana kwamba anayepika huwa ameshika afya ya wote walioketi mezani pake. Ukarimu wetu uonekane katika utamu wa chakula, na pia katika saa zile mbili na nusu za kungojea kiive.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Kwa nini rangi ya kahawia haitoshi kuonyesha kwamba nyama ya soda imeiva?
2. Mtu asiyekula nguruwe anawezaje kupata vifuko vya tegu katika ubongo?
3. Je, ni kaya ngapi katika jumuiya yetu hazina choo, na ni ngapi zinaachia nguruwe wazurure? Tutasaidianaje kabla ya sikukuu ijayo?
4. Je, yupo mwenye kifafa kati yetu ambaye hajafika hospitali? Nani atamsindikiza?