Maji Yapitayo Katika Miamba ya Bonde la Ruhuhu: Somo kwa Wanaochimba Visima Lituhi

Mwananchi wa Lituhi anayekusudia kuchimba kisima huuliza maswali mawili: maji yako umbali gani kwenda chini, na gharama yake ni kiasi gani. Swali la tatu huulizwa mara chache, ingawa ndilo huamua kama kisima kitatumika miaka ishirini au kitatelekezwa baada ya miezi mitatu. Maji hayo yamepita wapi kabla ya kufika hapa?

Ili kulijibu, yafaa kwanza tuifahamu ardhi tunayoikalia. Zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, Afrika, Madagaska na India zilikuwa sehemu za bara moja kubwa liitwalo Gondwana. Bara hilo lilianza kuvutwa na kupasuka mahali pengi. Upande wa pwani yetu ya leo mpasuko uliendelea hata bahari ikaingia, Madagaska ikajitenga. Huku kwetu mpasuko ulikwama njiani. Ukabaki bonde refu lililoelekea kaskazini-mashariki, likajazwa mchanga, tope na mabaki ya misitu, tabaka juu ya tabaka. Hilo ndilo Bonde la Ruhuhu, na misitu ile ndiyo makaa ya mawe yanayochimbwa leo Ngaka, wilayani Mbinga. (Katika matabaka ya bonde hilohilo ilipatikana mifupa ya mnyama aliyepewa jina la Nyasasaurus mwaka 2013, anayehesabiwa kuwa dinosaria wa kale kupita wote wanaojulikana, au jamaa yao wa karibu sana. Watoto wetu shuleni wangefurahi kulijua hilo.)

Baadaye sana likaja Bonde la Ufa jipya, lile lililolizaa Ziwa Nyasa lenye kina kinachofikia takriban mita 700. Ufa huu mpya uliukata ule wa kale. Kwa hiyo Lituhi imekaa penye makutano ya mipasuko miwili yenye umri tofauti, na palipo na mipasuko pana njia za maji.

Mvua inyeshapo milimani, sehemu yake hutiririka mitoni na sehemu huzama ardhini. Yanayozama hupenya katika mawe ya mchanga na katika nyufa za miamba migumu, na mengine hufika mbali sana kwenda chini. Kwa kawaida joto la ardhi huongezeka nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilomita moja ya kina. Maji yaliyozama kilomita mbili huku juu kukiwa na nyuzi 25 yanaweza basi kufikia nyuzi 75 au zaidi, pasipo volkano yoyote. Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi. Yakikuta ufa ulio wazi hupanda, na ya baridi hushuka kushika nafasi yake. Mzunguko huo unaweza kuendelea kwa maelfu ya miaka.

Mfano upo ndani ya nchi yetu. Karibu na Ziwa Tagalala, katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, chemchemi za maji ya moto hutoka katika nchi ya miamba ya umri mmoja na hii yetu, mbali na volkano. Kule Songwe, upande wa Mbeya, joto la volkano za Rungwe linahusishwa pia, na maji yake yamejenga vilima vya mawe ya chokaa kwa kutua kidogo kidogo, kama lile gamba jeupe linaloota ndani ya birika la chai.

Gamba la birika ndilo kiini cha somo hili. Maji yanapopita katika mwamba, hasa yakiwa na joto, huumung'unya. Hubeba chokaa, chumvi, chuma, na mahali pengine madini ya floraidi. Kisha yakipoa au kukutana na hewa, huitua mizigo hiyo. Okota jiwe lililovunjwa kwa ajili ya msingi wa nyumba ulitazame vizuri. Ile mishipa myeupe inayolikata ni nyufa za zamani zilizopitisha maji hadi zikazibwa na kwatzi au chokaa. Ponda kidogo ule weupe, udondoshee siki kali: ukitoa povu, ni chokaa.

Katika kazi hii niliwahi kufika kijiji ambacho wananchi walichangishana, kisima kikachimbwa, maji yakatoka maangavu, ngoma zikapigwa. Baada ya nusu saa maji yaliyobaki ndooni yakawa mekundu. Chai ikipikwa ilikuwa nyeusi kama wino, na nguo nyeupe zilitoka na madoa. Kilikuwa chuma, ambacho chini ya ardhi huyeyuka bila kuonekana na hugeuka kutu kikikutana na hewa. Maji yale hayakuwa sumu, lakini kina mama waliyakataa wakarudi mtoni, kwenye mamba na magonjwa ya kuhara. Kipimo kilifanyika baada ya pampu kufungwa. Kingefanyika kabla, fedha ya pampu ingeweza kujenga kichujio.

Chuma walau hujionyesha. Floraidi haina rangi, harufu wala ladha. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji yenye kiwango kikubwa wakati meno yake yanaota huyapata yakiwa na madoa ya kahawia yasiyosugulika, na kiwango kikizidi sana mifupa huathirika. Kuyachemsha maji hakuiondoi. Huifanya izidi kukolea.

Mtu anayechimba kwa jembe na sururu ajihadhari pia na hewa. Hewa ya ukaa ni nzito, hutuama chini ya shimo, na matabaka ya makaa ya mawe yana gesi zake. Mtu akizirai kisimani, mwenzake asishuke kumfuata bila kufungwa kamba na bila shimo kupulizwa hewa safi kwanza.

Kisima kirefu huhitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa kabla ya mtambo kufika, na ofisi ya RUWASA wilayani ndiyo ya kuanzia ushauri. Mchimbaji adaiwe kumbukumbu ya matabaka aliyoyapita, joto la maji yalipotoka na kina alichoyakuta; karatasi hiyo itunzwe na chombo cha watumia maji, si mfukoni mwa mtu mmoja. Sampuli ichukuliwe baada ya maji kusukumwa kwa muda hadi yatulie. Chupa isuuzwe mara tatu kwa maji yaleyale, ijazwe hadi juu na kufunikwa. Ya kupima vijidudu huwekwa katika chupa maalumu ya maabara, ambayo haisuuzwi, hutunzwa kwenye barafu, na inapaswa kufika maabara ndani ya saa 24.