Kunyanyua Injini ya Gari Nyumbani: Hesabu za Roda, Boriti na Miti Mitatu

Injini ya gari dogo yenye silinda nne huwa na uzito wa kilo 100 hadi 200 hivi. Mahali ambapo gereji yenye winchi iko mbali, mafundi huing'oa injini uani kwa kutumia kamba, mnyororo, tawi la mwembe au miti mitatu iliyofungwa pamoja. Kazi hiyo yaweza kufanywa kwa salama. Yaweza pia kumvunja mtu mguu. Tofauti ya mambo hayo mawili imo katika hesabu chache zisizozidi elimu ya shule ya msingi. Katika makala haya injini itakuwa ya kilo 150, na nguvu zote zitapimwa kwa kilo ili hesabu iwe nyepesi.

1. Roda moja haipunguzi mzigo

Wengi huamini kwamba roda yoyote hurahisisha kazi. Sivyo. Roda moja iliyofungwa juu hubadili mwelekeo wa nguvu tu: badala ya kuvuta juu, mtu huvuta chini. Mvuto unaohitajika bado ni kilo 150. Tena, boriti hubeba pande zote mbili za kamba, yaani kilo 150 za injini na kilo 150 za wavutaji, jumla kilo 300. Mwenye kupima boriti yake kwa uzito wa injini peke yake amekosea kwa nusu nzima.

Roda zikiwa nne, mbili juu na mbili zikipanda pamoja na mzigo, injini huning'inia kwa sehemu nne za kamba. Kila sehemu hubeba robo ya mzigo, kilo 37.5, na mvutaji huhitaji nguvu hiyo tu. Boriti sasa hubeba kilo 187.5. Msuguano wa roda huongeza mvuto, pengine ukafika kilo 50. Lakini hakuna kinachopatikana bure: ili injini ipande mita 1, kamba huvutwa mita 4. Kanuni hiyo ndiyo iliyowawezesha mabaharia wa pwani kupandisha foromali nzito kwa kamba na gofia.

2. Boriti na tawi

Ubao wenye upana wa sentimita 10 na unene wa sentimita 5 ukisimamishwa kwa ubavu hustahimili mzigo mara mbili kuliko ukilazwa, kwa maana nguvu yake hufuata kimo chake kikizidishwa kwa chenyewe. Tena, nafasi kati ya nguzo mbili ikipunguzwa nusu, ubao uleule hustahimili mzigo mara mbili katikati yake. Kenchi za paa la nyumba hazifai kabisa, maana zimejengwa kubeba uzito uliotawanyika, si mzigo wa mahali pamoja.

Tawi la mti limeshikwa upande mmoja tu. Mzigo ukining'inizwa mita 2 kutoka kwenye shina, hulikunja tawi mara mbili kuliko ukiwa mita 1. Aidha, uozo wa ndani hauonekani kwa nje, na tawi bovu laweza kukatika bila dalili.

3. Miti mitatu

Miti mitatu iliyofungwa pamoja kileleni ni imara ikiwa miguu yake haitelezi. Mzigo wa kilo 180 ukiwa katikati, na kila mguu umeinama nyuzi 30 kutoka wima, kila mguu hubanwa kwa kilo 69 na husukumwa nje kwa kilo 35 hivi. Miguu ikitanuliwa hadi nyuzi 60, msukumo wa nje hufika kilo 104. Kwa hiyo miguu yote mitatu na ifungwe pamoja chini kwa mnyororo, au ikitwe mashimoni. Kamba na ivutwe karibu na katikati. Anayeivuta kutoka mbali huivuta miti ianguke upande wake.

4. Mnyororo wa kufungia injini

Mnyororo wenye ncha mbili zinazoshuka wima hubeba kilo 75 kila upande. Kila upande ukiinama nyuzi 60 kutoka wima, hubeba kilo 150. Ukiinama nyuzi 75, hubeba kilo 290 hivi. Kwa hiyo mnyororo mfupi uliotandazwa sana waweza kukatika chini ya injini ambayo mnyororo mrefu ungeibeba bila taabu.

5. Utaratibu wa kazi

Betri itenganishwe kwanza, maji yamwagwe injini ikiwa imepoa, na mpira wa petroli uzibwe. Magurudumu yawekewe vizuizi. Boneti ikishatolewa, na nyaya na bolti zote zikishafunguliwa, injini inyanyuliwe sentimita 5 tu, kisha isubiriwe dakika chache huku mafundo, boriti na miguu vikikaguliwa. Ikiwa injini inagoma, kuna bolti iliyosahauliwa. Itafutwe, wala kamba isivutwe kwa nguvu zaidi.

Injini ikishapita ukingo wa gari, vizuizi viondolewe na gari lisukumwe nyuma taratibu. Injini ishushwe mara moja juu ya magurudumu makuukuu, isiachwe ikining'inia. Mkia wa kamba uzungushwe mara mbili au tatu kwenye nguzo imara, ili msuguano umsaidie mshikaji kuuzuia mzigo.

Kitu kinachoanguka kutoka mita 1 hufika chini kwa muda usiotimia nusu sekunde, kikienda kwa mwendo wa kilomita 16 kwa saa. Hakuna awezaye kuuondoa mkono kwa muda huo baada ya kusikia kamba ikikatika. Basi mkono, mguu au kichwa visiwekwe chini ya injini inayoning'inia, hata kwa kufungua nati moja iliyobaki.