SOMO LA KIKUNDI: Tukitembea Ndani ya Kuta za Thimlich Ohinga

Wanavikundi wapendwa, somo letu mara hii si la kuku wala la mboga. Ni somo la miguu. Tutazungumza juu ya kutembelea mahali pa kale tukiongozwa na mtu anayepafahamu, na jinsi ya kufanya matembezi hayo yawe na faida kwa kikundi, siyo kupiga picha tu na kurudi nyumbani mmechoka.

Nianze na ugomvi. Kikundi kimoja cha akina mama upande wa Homa Bay, ambacho nimefanya nacho kazi miaka kadhaa, kilikuwa na akiba kidogo baada ya kuuza njugu. Mwenyekiti akatoa wazo: twende Thimlich Ohinga. Mhazini akakataa kabisa. "Nikodishe matatu niende kuangalia mawe? Mawe si tunayo nyumbani, hata yanatuvunjia majembe!" Watu walicheka, lakini hoja yake haikuwa ya kuchekesha. Pesa ilikuwa ya wote, na tangi lao la maji lilikuwa limepasuka, mwaka mzima linangoja fundi. Nusu ya kikundi walikuwa upande wake, na kikao kikaisha kwa kununiana.

Kikao cha pili walikubaliana kwamba kila mmoja achange nauli yake, akiba isiguswe. Wawili ambao hawakuwa na kitu walisaidiwa na wenzao. Mimi nakubali uamuzi huo hadi leo. Pesa ya kikundi ina kazi yake iliyoandikwa kitabuni. Mhazini naye akaja, ati kuhakikisha hakuna mtu anayetoa risiti ya uongo.

Thimlich ni mahali gani?

Iko Nyatike, Kaunti ya Migori, kama kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori, upande wa Macalder. Thimlich kwa Dholuo huelezwa kuwa msitu mnene unaotisha, na ohinga ni ngome, boma lenye ukuta. Maboma makubwa ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Inafikiriwa yalijengwa karne ya 16, na kuishi ndani ya kuta za namna hii kuliendelea katika eneo letu mpaka katikati ya karne ya 20. Kwa hiyo wapo wazee ambao wazazi wao walilijua jambo hili kwa macho, siyo kwa kusoma.

Serikali ilipatangaza kuwa mahali pa ukumbusho wa taifa mwaka 1981. Mwaka 2000 pakaingizwa katika orodha ya World Monuments Fund ya mahali palipo hatarini, maana kuta zilikuwa zinaanguka. Mwaka 2018 UNESCO ikapaandika kuwa Urithi wa Dunia. Pakawa pa saba Kenya nzima, na pa kwanza huku kwetu magharibi. Makumbusho ya Taifa ya Kenya ndiyo yanayopatunza, na hapo utampata mwongozaji.

Matembezi yenyewe

Tulifika jua likiwa bado pole. Mwongozaji alikuwa kijana mtaratibu. Hakuanza kusema mpaka tumesimama mbele ya ukuta wa Kochieng, kubwa kuliko mengine, akatuambia tuangalie kwanza tukiwa kimya. Hilo nililipenda. Waongozaji wengine humwaga maneno kama redio na mtu hapati nafasi ya kutazama.

Halafu akauliza, "Mnaona udongo wowote kati ya mawe?" Hakuna. Hakuna udongo, hakuna chokaa, hakuna saruji. Mawe hayakuchongwa hata. Yalichukuliwa jinsi yalivyo na kupangwa, moja likishika jingine. Ukuta una unene wa kama mita 1 na urefu wa kwenda juu kuanzia mita 1.5 mpaka 4.5. Nilimwona mhazini akipima kwa mkono wake kimyakimya.

Siri iko ndani, ambapo huoni. Ukuta ni kama kuta mbili, moja ya nje na moja ya ndani, za mawe makubwa, na katikati pamejazwa vijiwe vidogo vidogo. Vile vijiwe ndivyo vinavyofunga vile vikubwa. Mtu akichomoa vijiwe, hata kama mawe makubwa yapo yote, ukuta unaanza kutoa tumbo kama gunia lililoloa, na siku moja mvua inauangusha. Tena angalieni kwamba ukuta haunyooki kama ukuta wa darasa. Unapinda na kuzunguka, na ule mzunguko nao unausaidia kusimama.

Kuingia ni lazima uiname. Lango ni la chini na jembamba, juu yake mawe marefu yamelazwa kama kizingiti. Mama mmoja mwenye mwili aliingia kiubavu tukampigia makofi. Mwongozaji akasema, "Sasa fikirini mnakuja usiku kuiba ng'ombe. Unaingia kichwa kwanza, na ndani mwenye boma anakungoja na rungu." Kicheko kikaisha hapo hapo. Ndipo tukaelewa kuta zilikuwa za nini: kujikinga na maadui, wezi wa mifugo na wanyama wakali. Karibu na lango kuna mahali palipoinuliwa pa mlinzi kusimama na kuangalia nje.

Ndani utaona sehemu za mifugo, alama za mahali nyumba zilipokuwa, na mawe yaliyochimbika kwa kusagia nafaka. Akina mama walikaa hapo kwenye mawe ya kusagia kuliko mahali pengine popote, kila mmoja akipitisha kiganja. Kochieng kuna pia alama za kazi ya chuma. Wachimbaji wa elimu ya kale walipata shanga za kioo zilizotoka mbali, ushahidi kwamba watu wa hapa walifanya biashara na nchi za nje. Nje ya kuta imesimama miti ile yenye utomvu mweupe, matawi yake yamesimama kama kinara cha mishumaa altareni.

Nani alijenga? Hapa kuwa mwangalifu. Kochieng maana yake ni kwa Ochieng, na kila Mjaluo akisikia hivyo anasema, basi ni babu zetu. Lakini majina ni ya walioishi baadaye. Wataalamu husema jamii mbalimbali zilikaa hapa kwa kupokezana, za Kibantu na za Kijaluo, na waliokuja nyuma waliziba mapengo na kuendelea kutumia kuta walizozikuta. Mwongozaji wetu alilisema hilo bila kuogopa, ingawa alijua amezungukwa na Wajaluo watupu.

Baadaye mhazini, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akauliza, "Mwanangu, lango likifungwa usiku na maadui wako nje, maji ya watoto mlikuwa mnayatoa wapi?"

Kijana alifikiri kidogo. "Hilo mama sijui. Sijawahi kuulizwa. Nitauliza wakubwa wangu."

Mimi namheshimu mwongozaji wa namna hiyo. Angeweza kutunga hadithi ya handaki la siri na sisi tungeenda kuieneza nyumbani. Mkipata mwongozaji anayejibu kila kitu papo hapo bila kusita, mwulizeni amejuaje.

Kwa wenzetu wa mbali

Msifikiri ni sisi tu tunaotembezwa kuangalia mawe. Ulaya kuna miji ya kale yenye kanisa kuu la askofu katikati na ukuta kuzunguka, na watu hupanda ndege kwenda kuitembea kwa miguu. Mmoja ni York, kule Uingereza. Kanisa kuu lake, York Minster, lilianza kujengwa kwa umbo lake la sasa karibu mwaka 1220 na likakamilika mwaka 1472. Hiyo ni zaidi ya miaka 250 ya ujenzi, baba anaanza nguzo na kitukuu hajaimaliza. Lilijengwa na Wakatoliki, leo ni la Waanglikana. Mwaka 1984 moto uliteketeza paa la upande wake wa kusini na likajengwa tena. Hadi leo mafundi wa mawe wana karakana yao pale, wanatoa jiwe lililooza na kuweka jipya.

Lililonivutia zaidi ni waongozaji. Tangu mwaka 1951 wenyeji wa York wana chama chao cha kujitolea kuwatembeza wageni mjini, bila kutoza ada. Sisemi vijana wetu wafanye bure. Kijana wa Nyatike anayesimama juani na wageni ana tumbo kama sisi. Nasema tu kwamba kazi ya kueleza mji imekuwa mikononi mwa wenyeji wenyewe, wamejifunza na wanafundishana. Vikundi vya karibu na Thimlich vingeweza kufikiria hilo: kuongoza, kupika chakula cha wageni, kuuza vyungu na vikapu. Lakini ongeeni na Makumbusho kwanza. Msianze kwa kusimama barabarani na kugombania wageni kama makanga wa stendi.

Kama kikundi chenu kinataka kwenda

Pigeni simu mapema mjue kiingilio ni kiasi gani na kinalipwa vipi, maana utaratibu hubadilika. Epukeni siku za mvua, barabara si ya mchezo. Bebeni maji na nyoyo au viazi, na viatu viwe vya kufunga, siyo patipati. Kikundi kikizidi watu 20, jigaweni mara mbili, la sivyo walio nyuma watasikia upepo tu. Chagueni mtu mmoja wa kuandika. Kila mtu aende na swali lake moja kutoka nyumbani. Na tafadhali, watoto wasipande juu ya kuta, wala mtu asiweke kajiwe mfukoni kwa ukumbusho. Mmeshasikia kazi ya vijiwe.

Jioni ile tulikaa chini ya mti kabla ya matatu kuja. Nilisoma Nehemia sura ya 3, ile yenye majina mengi ambayo watu huiruka. Ndani yake watu wa Yerusalemu wanajenga upya ukuta wa mji, na wengi wanatengeneza kipande kilicho mbele ya nyumba zao wenyewe. Nilikuwa nimetayarisha maswali. Sikuyatumia. Mhazini alisema, "Lile tangi letu lilianza na ufa mdogo kama unywele. Mimi niliuona. Nilifikiri katibu ameuona." Katibu akasema naye aliuona, alifikiri ni kazi ya mwenyekiti. Kumbe watu sita waliuona! Hawakulaumiana sana, walikuwa wamechoka. Walipanga tu kila mwezi familia mbili zikague tangi, mabomba na uzio, na jina liandikwe. Akiba ile ambayo haikuguswa ikamlipa fundi wiki mbili baadaye.

Sasa kazi yenu. Thimlich inajulikana, lakini katika eneo letu la ziwa wataalamu wamehesabu zaidi ya maboma 500 ya mawe, mahali zaidi ya 130. Mengi hayana uzio wala mlinzi. Watu wanachukua mawe kujengea msingi wa nyumba na choo, wengine hawajui kabisa wanachokibomoa. Katika kikao chenu kijacho waulizeni wazee: je, kuna gunda lenye ukuta wa mawe hapa karibu? Linaitwaje, na kwa nini? Nani aliishi hapo mwisho? Mawe yake yanaenda wapi? Halafu mwende mkapatembee pamoja, mzee mmoja akiwa mwongozaji, na katibu aandike anayosema hata kama wazee wawili wanabishana. Yaandikeni yote mawili.

Majibu mpeleke ofisi ya parokia yenu, na jina la kikundi juu ya karatasi. Tutayasoma yote.