Nani Mwenye Haki ya Kusamehe?
(Somo juu ya Serikali, Uadilifu na Amani)

Ndugu wasomaji, watu wanaoichunguza dini ya Kiislamu huuliza mara kwa mara: Ikiwa Uislamu ni dini ya amani na wahimiza msamaha, kwa nini nchi iliyotoka katika fitina isisahau yaliyopita na kuanza upya? Mbona Kurani Tukufu yasisitiza sana ushahidi na uadilifu? Swali hili lastahili jibu lililo wazi. Basi tutazame kwanza habari ya nchi moja ambayo swali hili limeisumbua miaka mingi, kisha tuliendee fundisho la Mwenyezi Mungu na mwenendo wa Mtume Mtukufu s.a.w.

Habari ya Ireland ya Kaskazini

Kisiwa cha Ireland kiligawanywa mwaka 1921. Kusini ikapata kujitawala, na wilaya sita za kaskazini zikabaki chini ya Uingereza. Katika wilaya hizo, wengi wa Waprotestanti walitaka kubaki na Uingereza. Wengi wa Wakatoliki walitaka kisiwa kiwe nchi moja, tena walilalamika kuwa wananyimwa haki katika kura, nyumba na kazi. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 hadi 1998 waliuawa watu wapatao 3,500. Zaidi ya nusu yao waliuawa na vikundi vya silaha vilivyotoka upande wa Wakatoliki, hasa IRA. Wengine wengi waliuawa na vikundi vya upande wa Waprotestanti. Na yapata mmoja katika kila kumi aliuawa na askari wa serikali.

Tarehe 10 Aprili 1998 yalifanywa mapatano ya amani mjini Belfast. Yalileta kheri kubwa: mauaji yakapungua sana, pande mbili zikashirikiana kutawala, na mwaka 2001 polisi wakaundwa upya. Lakini jambo moja halikupatiwa njia: ni nani atakayetoa hesabu ya waliokufa?

Tazameni mji wa Derry, ambao upande wa pili huuita Londonderry, maana hata jina la mji halijapatana. Tarehe 30 Januari 1972 askari wa Uingereza waliwapiga risasi raia waliokuwa katika maandamano ya kupinga watu kufungwa bila ya kuhukumiwa. Wakafa 13 siku ile, na majeruhi mmoja akafa baadaye. Serikali ikamweka jaji achunguze, naye mwezi Aprili mwaka ule ule akatoa taarifa iliyowaondolea askari sehemu kubwa ya lawama. Jamaa za wafu hawakukubali. Mwaka 1998 uchunguzi mwingine ukaanzishwa, na taarifa yake ikatoka tarehe 15 Juni 2010. Ikasema kwamba hapana hata mmoja kati ya waliopigwa aliyekuwa akileta hatari ya kuhalalisha kupigwa risasi. Siku hiyo Waziri Mkuu David Cameron aliomba radhi Bungeni kwa jina la serikali na nchi. Ilikuwa imepita miaka 38. Askari mmoja aliposhtakiwa, mahakama ya Belfast ilimwachia huru mwezi Oktoba 2025, kwa kuwa ushahidi uliobaki haukutosha kumtia hatiani. Ndiyo hasara ya kuchelewesha haki: mashahidi hufa, na kumbukumbu hufifia.

Zaidi ya hayo, mwaka 2023 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufunga mashauri mengi ya zamani, na kumpa kinga ya kutoshtakiwa kila atakayesimulia aliyoyatenda mbele ya tume, awe askari au mpiganaji. Vyama vyote vikubwa vya Ireland ya Kaskazini, vya Wakatoliki na vya Waprotestanti, viliipinga. Watu wasiopatana juu ya bendera wala jina la mji walipatana juu ya hili! Mwezi Februari 2024 mahakama kuu ya Belfast ikaona kwamba kinga hiyo yapingana na haki za binadamu. Serikali iliyoingia Julai mwaka ule iliahidi kuifuta, na Septemba 2025 Uingereza na Ireland zikatangaza mpango mpya wa pamoja.

Fundisho la Kurani Tukufu

Kwa nini mahasimu walikataa kwa sauti moja? Kwa sababu maumbile ya mwanadamu yajua jambo ambalo Kurani Tukufu imelieleza zamani. (Wasomaji wapya wakumbuke kuwa sisi tunahesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura.)

Kwanza, utawala ni amana. Sura 4 aya ya 59 yaamuru amana wapewe wenyewe wanaostahili, na wanaohukumu kati ya watu wahukumu kwa uadilifu. Mtume s.a.w. naye alifundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchungaji, naye ataulizwa juu ya aliowachunga. Na kiongozi ataulizwa juu ya raia zake.

Pili, ushahidi wa kweli ni wajibu hata ukiwa juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu (4:136), wala chuki ya watu isitufanye tuache uadilifu (5:9). Serikali inayoficha faili ili kuwalinda askari wake yaikiuka aya ya kwanza. Kikundi kinacholilia wafu wake tu na kuwasahau waliouawa na mikono yake chaikiuka ya pili.

Tatu, msamaha ni wa aliyedhulumiwa. Sura 17 aya ya 34 yasema kuwa aliyeuawa kwa dhuluma, mrithi wake ndiye aliyepewa mamlaka, naye asipite kiasi. Na sura 42 aya ya 41 yaahidi thawabu kwa Mwenyezi Mungu kwa anayesamehe na kuleta masilahi. Basi msamaha wa Kiislamu hautazami tu kufuta kosa, bali hutazama kama utamrekebisha mkosaji.

Mwaka 1987 bomu la IRA liliua watu 11 mjini Enniskillen. Mzee Gordon Wilson, aliyefiwa na binti yake, alitangaza kuwa hana kinyongo na wauaji. Neno lile lilikuwa tukufu kwa kuwa lilitoka kwake. Lau lingetoka kwa waziri wa serikali kwa niaba yake, lisingekuwa na thamani yoyote.

Jibu kwa wanaouliza juu ya Makka

Huenda mtu akasema: Je, Mtume s.a.w. hakuwasamehe watu wa Makka kwa neno moja? Naam, aliwasamehe. Lakini yeye na masahaba wake ndio waliopigwa, wakafukuzwa na kuuawa ndugu zao. Alisamehe deni alilokuwa akidai.

Sasa tazameni yaliyofuata mwaka ule ule wa 8 wa Hijra. Alimtuma Hadhrat Khalid bin Walid r.a. kwa Banu Jadhima kuwaita katika Uislamu, si kupigana. Watu wale walitaka kusema kuwa wamesilimu, lakini hawakulijua neno lenyewe, wakasema tu kwamba wameacha dini yao. Khalid hakuridhika, na baadhi yao wakauawa. Habari ilipomfikia Mtume s.a.w., aliinua mikono yake mbele ya Mwenyezi Mungu, akajitenga mara mbili na tendo lile. Kisha akamtuma Hadhrat Ali r.a. na mali, akalipa dia ya kila aliyeuawa na thamani ya kila kilichoharibika, hata chombo cha kunyweshea mbwa. Mali ilipobaki akawapa hiyo pia, kwa ajili ya hasara ambayo huenda haikujulikana.

Hapa ndipo penye jibu letu. Deni unalodai waweza kulisamehe, nawe utapata thawabu. Deni unalodaiwa huna ruhusa ya kujisamehe. Mtume s.a.w. hakungoja miaka 38, hakusema kuwa kuchunguza kutawavunja moyo askari, wala hakuwaambia wajane wa Banu Jadhima wasahau kwa ajili ya amani. Alikiri, akalipa, akazidisha. Hiyo ndiyo daraja ya ihsani iliyo juu ya uadilifu, kama sura 16 aya ya 91 inavyofundisha; wala hapana awezaye kuifikia ihsani kwa kuuruka uadilifu.

Wajibu wetu

Ndugu, tusiisome habari hii kama aibu ya Wakristo peke yao. Nchi za Waislamu nazo zina makaburi yasiyotolewa hesabu. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, katika kitabu chake cha mwisho, Paigham-e-Sulh cha mwaka 1908, aliwaita Wahindu na Waislamu wa India kwenye suluhu ya kuheshimiana kwa kweli, siyo ya maneno matupu. Wahenga wetu nao walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Basi kila mmoja wetu aanze nyumbani mwake: anachodai asamehe apendapo, anachodaiwa akiri na kulipa.

Mwenyezi Mungu awajalie watawala wa mataifa yote moyo wa kukiri kweli, awafariji waliofiwa, na atujalie sisi kusimama katika uadilifu hata juu ya nafsi zetu. Amin.