Somo: Mimea Katika Udongo wa Chumvi

Pengine maharagi yananyauka, na udongo wake ungali na maji. Sababu ni nini? Bustani ikifa, watoto watakosa chakula. Basi tujifunze.

1. Kazi ya chumvi. Chumvi inavuta maji. Samaki akipakwa chumvi, maji yake yanatoka. Vivyo hivyo chumvi ikizidi udongoni inashika maji, na mizizi haiwezi kuyanywa. Mmea unaona kiu katikati ya maji.

2. Mimea inayoshinda. Huko Muanda, Mto Kongo unapoingia baharini, kuna miti iitwayo mikoko. Mwaka 1992 mahali pake palifanywa hifadhi. Mikoko mingine inazuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini. Mingine inaipokea, kisha inaitoa kwa majani; ukilamba jani utaionja. Tena iko mimea inayofungia chumvi katika vifuko vidogo sana ndani ya majani, isiidhuru. Maharagi hayana nguvu hiyo.

3. Majivu. Majivu kidogo yanafaa udongo wenye uchachu. Lakini yakilundikwa mahali pamoja, uchachu unakwisha, na madini ya chuma yanafungwa udongoni. Ndipo majani machanga yanakuwa manjano, na mishipa yake inabaki kijani. Mimea mingi inatoa uchachu mizizini ili kukifungua chuma. Mahindi yanatoa kitu kingine cha kukikamata. Majivu yakizidi mno, nguvu hizo zinashindwa.

4. Tufanye nini? Usimwage bustanini maji ya kuloweka samaki wa chumvi. Tawanya majivu kidogo kidogo. Kama chumvi imekwisha kuingia, chimba mfereji, mwagia maji matamu mengi ili yaichukue, kisha tia mbolea ya majani yaliyooza.

5. Mwili wetu. Mama, mtoto akihara na huna pakiti ya dawa ya maji, pima hivi: maji safi litre 1, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu ya kijiko kidogo, vyote visawazishwe. Usiongeze chumvi hata kidogo! Mkoko unaitoa kwa majani yake. Mtoto mgonjwa hana njia hiyo. Ikizidi, itavuta maji ya mwili wake na kumwua. Endelea kumnyonyesha, umlete hospitali upesi.

Maswali: Kwa nini maharagi yanaona kiu katika udongo wenye maji? Chumvi ya mtoto anayehara inapimwaje?